Mapigo Yaliyokataa Kupanda

Mume wangu alikuwa ananificha kitu. Hilo nililijua kabla sijajua kitu chenyewe ni nini, na ushahidi wangu wa kwanza ulikuwa mstari mwekundu kwenye simu yangu.

Mstari huo ulitoka kwenye saa yake ya mazoezi, na saa ilikuja kwa sababu ya goti. Alistaafu akiwa fundi wa mitambo kwenye karakana ya meli, na kupanda na kushuka ngazi za chuma miaka yote ile kulikuwa kumemlia goti la kulia. Daktari wa mifupa alituonyesha picha, akatueleza kwamba mfupa na mfupa vimeanza kusagana. Asikimbie. Asipande milima. Mwanza, mtu ukimkataza kupanda milima ni kama umemfungia ndani, maana hata dukani kwa jirani yetu hapa Mkolani kuna mawe ya kupanda. Lakini daktari alisema kuna dawa: baiskeli ya mazoezi, ile inayokaa mahali pamoja, aiendeshe kila siku.

"Na mzee, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" daktari aliuliza.

"Hakuna," mume wangu akajibu.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba mapajani. Nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Hakuna.

Baiskeli tuliinunua kwenye hoteli moja ya mjini iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Tukaiweka katika chumba cha binti yetu, ambaye siku hizi anafanya kazi Dodoma. Ilikuwa nzito, ina kitufe cha kuzungusha cha kukazia pedali ziwe ngumu, na kioo kidogo ambacho nusu ya tarakimu zake zilikuwa zimekufa. Kama ni kasi au ni dakika, ulikuwa unabahatisha. Ndiyo maana binti yetu alipokuja likizo akamletea baba yake saa.

Mume wangu anatumia simu ya kitochi na hataki kusikia nyingine. Kwa hiyo saa ikaunganishwa na simu yangu. Binti yetu akatukalisha sebuleni akatufundisha.

"Huu mwanga wa kijani chini yake ndio unaosoma mapigo ya moyo," alisema. "Nimeweka umri wa baba, yenyewe imepiga hesabu, imegawa mapigo yake katika madaraja matano. La kwanza ni kutembeatembea. La tano ni kukimbizwa na kiboko. Baba akae la pili, aguse la tatu. Ndipo moyo unapata mazoezi."

"Na akibaki la kwanza?" niliuliza.

"Basi anapumzika juu ya baiskeli."

Mimi nafundisha hisabati sekondari. Madaraja, grafu, wastani, hizo ni lugha zangu. Nikafurahi kwamba hatimaye afya ya mume wangu imeletwa kwa lugha ninayoielewa.

Alikuwa anaendesha asubuhi, mimi nikiwa kazini. Akimaliza, taarifa inaingia kwenye simu yangu, naifungua ofisi ya walimu wakati wa chai. Siku ya kwanza mstari wa mapigo ulikuwa umelala chini, umenyooka kama barabara ya kwenda Shinyanga. Dakika zote daraja la kwanza. Nikasema ndiyo kwanza anaanza. Siku ya pili vilevile. Wiki ikaisha, mstari bado umelala.

"Leo umeendesha?" nilimuuliza jioni moja.

"Nimeendesha mpaka fulana imelowa."

"Kitufe ulikaza?"

"Nilikaza."

"Saa inasema ulikuwa unatembeatembea."

Aliacha kumenya chungwa lake. "Inasema hivyo?"

"Inasema hivyo."

"Basi ipande iendeshe yenyewe," akasema, akaendelea na chungwa.

Nimesikiliza visingizio vya wanafunzi kwa muda mrefu, na najua mtu anapojibu kwa utani swali ambalo angeweza kulijibu kwa neno moja. Nikaanza kumwona akilini mwangu: amekaa juu ya kiti cha baiskeli, miguu inaning'inia, kikombe cha chai mkononi, redio inacheza. Nikaanza kurudi nyumbani na kwenda moja kwa moja kushika kiti kile, kama vile kingekuwa na joto mpaka saa hizo. Nikagusa fulana kwenye kamba. Zilikuwa zimefuliwa. Mwanaume huyu lini alianza kufua fulana zake mwenyewe?

Na mtu akianza kushuku jambo moja, mengine yanakuja yenyewe. Nikaikumbuka safari yake ya Busisi. Tangu alipostaafu, kila mwezi anakwenda ng'ambo ya ziwa kumsalimia rafiki yake aliyefanya naye kazi. Enzi za kivuko sikushangaa akirudi jioni, maana foleni ya kuvukia pale Kigongo ilikuwa inakula siku nzima. Lakini daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa na watu wakawa wanavuka kabla hawajamaliza sentensi, yeye bado alirudi jioni ileile. Nilimuuliza mara moja.

"Mnaongea nini siku nzima?"

"Ya kwetu," akasema.

Nikaliweka hilo akiba.

Kuhusu saa, nilimpigia binti yetu. Nilitaka kuwa mwadilifu: kabla ya kumhukumu mtu, kagua kipimo.

"Mkanda utakuwa umelegea, mama," alisema. "Mwanga wa nje ukiingia inasoma vibaya. Avae juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikae imara. Na hatua zikisoma sifuri msishangae, mkono umetulia kwenye usukani, saa haioni miguu. Achague ile alama ya baiskeli ya ndani. Mapigo ndiyo muhimu."

Asubuhi kabla ya kutoka nikamfunga saa mimi mwenyewe, nikaukaza mkanda mpaka akaniuliza kama nampeleka polisi. Wakati wa chai nikafungua simu. Mstari umelala.

Siku hiyo niliporudi nilivaa suruali ya michezo aliyoiacha binti yetu, nikajifunga saa, nikapanda baiskeli. Kitufe nilikiacha pale alipokiacha yeye. Taarifa ya habari ilikuwa inaanza redioni. Muhtasari haujaisha, mapaja yanawaka, nahema kwa mdomo, na saa inasoma mia moja hamsini na kitu. Nikashuka nimeshika ukuta.

Saa ilikuwa nzima. Baiskeli ilikuwa nzima. Mbovu alikuwa amebaki mmoja.

Jumamosi nikamwambia nataka kumwona akiendesha. Hakukataa. Nikavuta stuli, nikakaa kama msimamizi wa mtihani. Akaanza polepole, goti likilia kidogo, kisha akashika mwendo. Nilisubiri kuona ujanja wake. Sikuuona. Pedali zilikuwa zinazunguka, kitufe kilikuwa kimekazwa, jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka ndevuni, likadondoka kwenye sakafu. Fulana ililowa mgongoni na kifuani. Nikauchukua mkono wake nikaisoma saa. Tisini na nne. Nikasubiri. Tisini na saba. Tisini na sita.

Nikainama, nikakizungusha kitufe. Akaguna, akasimama juu ya pedali kidogo, akaendelea. Mia na moja. Haikupanda zaidi.

Aliacha. Akakaa anahema, mikono juu ya usukani.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nilipaswa kuridhika. Nilikuwa nimeona jasho kwa macho yangu. Lakini badala ya kuamini jasho, nilikumbuka kwamba huyu ni fundi. Maisha yake yote alikuwa anaishi na geji na mishale. Mtu kama huyo akitaka kifaa kidogo cha mkononi kiseme anachotaka, kitamshinda?

"Umeifanya nini hii saa?" nikasema.

Akafungua mkanda taratibu, akaniwekea saa kiganjani, bado ina unyevu wa jasho lake.

"Mama," alisema, "tumekaa wote hapa watoto wamekua wameondoka, hujawahi kuniuliza kitu kwa sauti hiyo."

Akachukua ndoo akaenda kumwagilia mchicha. Nilibaki kwenye stuli nikitazama matone ya jasho sakafuni. Yalikuwa jasho. Niliinama nikahakikisha.

Zilipita siku kadhaa tunaongea mambo ya chumvi na umeme tu. Kisha jambo likatokea ambalo sikulitarajia. Katikati ya wiki iliyofuata, nikafungua simu ofisini na kukuta mstari umepanda. Umepanda kweli, kama njia ya kupanda kilima cha Bugando. Daraja la pili, la tatu, mpaka ncha yake ikagusa la nne. Kesho yake tena. Saa ikatuma pongezi zake: kiwango cha mazoezi kimeongezeka, endelea hivyo. Binti yetu, ambaye muhtasari wa wiki ulikuwa unamfikia na yeye, akatuma ujumbe wenye makofi na moto. "Baba ameamka!"

Nilipita sokoni nikanunua sato mkubwa, nikampika kwa ndizi, namna tunavyopika kwetu Kagera, japokuwa yeye ni mtu wa Mara na angependa zaidi ugali wa udaga, ule unga wa muhogo. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Sasa saa imeniamini?" akauliza.

"Imekuamini."

"Na wewe?"

"Na mimi," nikasema. Haikuwa kweli.

Haikuwa kweli kwa sababu kwenye ukurasa uleule wa pongezi kulikuwa na namba nyingine, ndogo, ambayo watu wengi hawaitazami: mapigo ya kupumzika, yale moyo unayopiga mtu akiwa ametulia au amelala. Binti yetu alitueleza kwamba kadiri mtu anavyozoea mazoezi, namba hiyo inashuka taratibu. Ya mume wangu tangu mwanzo ilikuwa chini sana, hamsini na kidogo, na programu ilikuwa inaisifia kuwa ni ya mwanamichezo. Mzee mwenye kitambi na goti bovu, moyo wa mwanamichezo! Nilikuwa nimeipita kwa sababu sifa hazihojiwi. Sasa ndani ya siku chache namba hiyo ilikuwa imeruka mpaka themanini na zaidi, hata usingizini. Mazoezi yanapanda, na moyo wa kupumzika unapanda nayo, tena kwa kuruka. Mwanafunzi akiniletea grafu ya namna hiyo namrudishia daftari. Kuna hatua ameiruka.

Programu yenyewe ilianza kujipinga. Hapa inapongeza, pale inasema mwili haujapumzika, ahirisha mazoezi.

Kwa hiyo nikashuku kitu kingine: kwamba kuna kitu anakunywa. Nilinusa kikombe chake. Nilifunua pipa la takataka nikitafuta kopo la vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda wanakunywa. Sikupata kopo. Nikafikiria wauza mitishamba wa stendi, wenye spika na chupa za rangi ya kahawa, dawa ya mgongo, dawa ya nguvu. Na nilipofika kwenye dawa ya nguvu, akili ikavuka daraja yenyewe ikaenda Busisi. Mzee anatafuta nguvu za nini? Rafiki gani huyo wa kila mwezi ambaye hajawahi kuja kwetu hata kunywa chai? Nilikuwa nasahihisha mitihani na kalamu nyekundu imesimama hewani.

Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshaona swali langu la mwisho lilivyotugharimu. Nikaamua kusubiri mwisho wa mwezi, atakapoaga kwenda ng'ambo, nimwambie nami nakwenda.

Mwisho wa mwezi haukufika. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Nilimwambia apumzike leo, akasema ataendesha kidogo tu, asiniharibie grafu yangu. Alisema hivyo, grafu yangu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nasikia mvumo wa baiskeli kupitia ukutani. Mvumo ukakatika. Nikasubiri sauti ya kushuka kwake, ile hatua nzito ya mguu mzima na nyepesi ya mguu mbovu. Sikuisikia.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda cha binti yetu, mkono mmoja umeshika usukani wa baiskeli, mwingine uko kifuani. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Nilimshika shingoni, jasho la baridi. Nikaushika mkono wake nikaisoma saa. Mia moja arobaini na nane, na amekaa. Nikahesabu pumzi zangu, nikasoma tena. Haikushuka.

Neno langu la kwanza halikuwa pole.

"Umekunywa nini?"

Akatikisa kichwa.

"Baba, niambie sasa hivi. Umekunywa nini?"

"Sijanywa," akasema kwa pumzi ndogo. "Ndiyo shida yenyewe. Nimeacha kunywa."

"Umeacha kunywa nini?"

"Dawa. Za moyo."

Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika kisu cha ndizi, mikono imejaa utomvu. Nikakiweka juu ya kiti cha baiskeli, nikatoka mbio kwa jirani mwenye gari.

Hospitali walimpokea haraka, wakambandika nyaya kifuani. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, pengine umri wa binti yetu. Alimwamkia mume wangu shikamoo huku anasoma karatasi ya mashine, na baada ya marahaba heshima ikaishia hapo.

"Dawa hii umeitumia muda gani, mzee?"

"Tangu mwaka juzi."

Mwaka juzi. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

"Na uliacha lini?"

"Wiki iliyopita. Zaidi kidogo."

"Mzee wangu, dawa hii kazi yake ni kuushika moyo usiende mbio. Ukiwa umeimeza, hata utoke jasho la ndoo nzima, mapigo hayapandi sana. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa ukiikata ghafla, moyo unatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Watu wanapoteza maisha hivyo. Haiachwi bila daktari, na hata daktari anaipunguza kidogo kidogo. Nani alikuambia uache?"

Mume wangu alitazama dari.

"Saa," akasema.

Hakusema mke wangu. Alisema saa. Lakini mimi nilisikia jina langu.

Walimlaza. Dawa ikarudishwa, na jioni ile rangi ikaanza kurudi usoni, mapigo yakashuka. Nilipomletea uji kesho yake akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa, macho yakiwa kwenye kikombe.

Iligundulika alipopimwa afya wakati wa kustaafu. Presha, na moyo unaokwenda kasi hata akiwa amekaa. Rafiki yake wa Busisi yupo kweli, si wa kutunga, na yeye ana presha. Ndiye aliyemwonyesha kituo cha afya cha huko ng'ambo. Walikuwa wanapanga foleni pamoja, wanapimwa, wanachukua dawa, wanakula samaki, ndipo anarudi.

"Mwanza nzima hii hukuona hospitali?" niliuliza.

"Niende wapi? Mirongo, kwenye duka la dawa yupo mwanafunzi wako. Hapa Mkolani yupo mwanakwaya mwenzako. Ningemeza kidonge asubuhi, mchana ungeshajua."

"Na mimi kujua ni ugonjwa?"

Akanywa uji. Kisha akanieleza habari ya kaka yake, ambayo nilidhani naijua. Kaka yake alikuwa mvuvi kule kwao, ufukweni Mara, akaambiwa moyo wake umechoka. Ukoo ukakutana. Wakauza mtumbwi ili asijaribiwe. Jembe wakampa mwingine. Wakamwekea kiti barazani, na kila aliyekuja kumsalimia alishusha sauti kana kwamba yupo msibani tayari. Mimi nilijua kwamba alikufa kwa moyo.

"Mimi nilikuwa naenda kumwona," mume wangu alisema. "Yule hakuuawa na moyo. Yule tulimkalisha mpaka akaisha."

Kama ni kweli kitabibu, sijui. Daktari angeweza kubisha. Lakini niliona kwamba yeye anaamini hivyo kabisa.

"Kwa hiyo ulidhani ningekukalisha."

"Ungenikalisha, Mama."

Nilitaka kukataa kwa nguvu. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma, nasema ukweli. Nilikuwa nimeshuku kwamba kuna siri na siri ilikuwepo, na kupatia kwangu kulikuwa hakunipi raha yoyote. Lakini kabla sijafungua mdomo nikakumbuka kwamba tangu jana usiku kichwani nilikuwa nimeshaiondoa ndoo ya kumwagilia, nimeshampa kijana wa jirani kazi ya bustani, na nimeshapanga kumuuzia mtu ile baiskeli. Nikafunga mdomo.

"Lakini kuacha dawa ili mstari upande," nikasema mwishoni. "Baba."

"Ulikuwa huniamini," akasema. "Jasho langu umeliona na hukuliamini. Nikasema basi, nikupe unachokiamini."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kukoroma ili asikilize vizuri.

Siku hizi tunakwenda kliniki wote wawili, hapahapa mjini, na kwenye foleni tumewakuta wanakwaya watatu. Daktari alikubali aendelee na baiskeli. Alikataa yale madaraja. Akasema saa ilipiga hesabu kwa umri tu, haikujua kuna dawa ndani, na hesabu sahihi juu ya taarifa pungufu ni hesabu ya uongo. Hilo ningeweza kulisema mwenyewe darasani. Akatupa kipimo kingine: akiwa anaendesha aweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, akaze kitufe. Akishindwa kuongea, alegeze. Na kifua kikibana au kichwa kikizunguka, aache papo hapo.

Kwa hiyo jioni nikirudi nakaa kwenye stuli, yeye anaendesha na kuongea. Ananisimulia meli, injini zilizozimika katikati ya ziwa, manahodha waliokuwa wanaogopa maji. Mambo mengi sijawahi kuyasikia. Simwamini kwa asilimia zote. Kuna siku sentensi zinatoka ndefu na laini mno, nanyanyuka nakagua kitufe, namkuta amekilegeza. Na asubuhi nasimama mbele yake mpaka ameze, namwambia afungue mdomo, ananionyesha ulimi kama mtoto mtukutu. Anasema askari wa gereza wana huruma kunishinda. Lakini ndoo ya mchicha sijaigusa. Nimejizuia, na si rahisi.

Jambo moja aliniomba: binti yetu aambiwe na yeye mwenyewe. Nikakubali. Wiki zikapita, kila Jumapili wanaongea kwenye simu habari za mvua na kazi, hasemi. Nami nikanyamaza, maana niliahidi.

Juzi binti yetu akapiga akitaka kuongea na mimi peke yangu. Nilikuwa jikoni.

"Mama, upo karibu na baba?"

"Yuko nje."

"Nimeangalia muhtasari wake. Mapigo yameshuka tena, hayapandi kabisa, mwezi sasa. Sitaki kumsema vibaya, lakini sidhani kama baba anaendesha hiyo baiskeli. Hebu mchunguze."

Nilicheka kidogo, akauliza nacheka nini. Nikatoka na simu mpaka kwenye bustani, nikampa mume wangu, nikamwambia, "Anasema huendeshi."

Aliipokea kwa mkono wenye udongo. Akatembea nayo mpaka kwenye uzio, akanipa mgongo. Sikuyasikia maneno. Niliona bega lake likipanda na kushuka, kisha likatulia, akawa anasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama vile yule wa Dodoma anamwona. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Anakutaka wewe," akasema, akaninyooshea simu.

Nikaiweka sikioni.

"Mama," binti yetu akasema, na sauti ile niliijua, ni yangu kabisa. "Wewe umejua tangu lini?"

Nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikaanza kujieleza.